Kupiga picha za watu bila pozi kwenye mwanga hafifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mtu anapojaribu kupiga picha za watu walio katika shughuli zao, mahali palipo na taa ya mezani, mshumaa au dirisha la jioni tu. Yameanzia kwenye misingi. Yale ya hali ngumu yako mwishoni.

## Misingi

Mwanga hafifu ni mwanga wa kiasi gani?

Ni pale kamera inapoanza kukulazimisha uchague kati ya picha iliyocheza (yenye ukungu wa mtikisiko) na picha yenye chenga (vidoa vidogo vilivyotapakaa). Sebule yenye taa za kawaida usiku huonekana angavu kabisa machoni, lakini ukiipiga kwa f/2 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu pana) na shata ya 1/125 (muda wa kupokea mwanga, sehemu ya sekunde) utahitaji ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, karibu 1600. Toka nje mchana wa jua kali na mipangilio hiyohiyo, na hata ukishuka hadi ISO 100 picha itaungua vibaya, iwe nyeupe tupu. Macho huzoea giza kimyakimya bila kukuambia. Kamera haizoei, na ndiyo maana wengi hudhani imeharibika.

Kwa nini nisiwashe flashi tu yakaisha?

Kwa sababu flashi ya kwenye kamera inafuta mwanga uleule uliokuvutia, inabapaza uso, tena inatangazia chumba kizima kwamba kuna mpiga picha. Ikishamweka mara moja, watu wanakaa sawa, wanarekebisha kola, wanatabasamu. Picha uliyoitaka imeshaondoka.

Jambo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mjerumani Erich Salomon alikuwa akiwapiga picha wanasiasa mikutanoni na watu mahakamani kwa mwanga uliokuwemo ndani, wakati flashi ya enzi hizo ilikuwa unga wa magnesiamu unaolipuka na kutoa moshi. Kamera yake, Ermanox, ilikuwa na lenzi ya f/2 na ilitumia sahani za kioo, kipande kimoja kwa picha moja. Simu yoyote ya leo ina usikivu mkubwa kuliko sahani zile.

Je, lazima niwe na kamera ya gharama?

Hapana. Pesa zikiwa chache, ziende kwenye lenzi kabla ya kamera. Lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, mara nyingi hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo kwa watengenezaji wengi ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Hakuna kamera mpya itakayokupa tofauti ya kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Milimita 35, 50 au 85?

Inategemea unakaa umbali gani na watu. Kwa sensa kubwa ya milimita 24 kwa 36, lenzi ya 35 inakuweka mezani pamoja nao, ya 50 inakuweka upande wa pili wa meza, na ya 85 inakupeleka ukutani. Kwenye sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya 35 hufanya kazi kama ya 50. Mimi nachagua ya 35 au 50. Ya 85 inapendeza uso, lakini mtikisiko wa mkono unaonekana zaidi, na mtu anayepigwa kutoka mbali hugundua mapema kuliko unavyodhani.

## Mipangilio ya kamera

Nianze na namba zipi?

Weka kamera kwenye hali ya mkono, f/2, shata 1/125, kisha iachie kamera ichague ISO yenyewe, ukomo ukiwa 6400. Hapo umeshika mambo mawili yanayobadilisha sura ya picha, na umeiachia mashine lile moja lisilohitaji akili yako. Ukiona ISO imegonga ukomo na picha bado ni nyeusi, punguza shata kwanza, kama mtu ametulia. Kama hajatulia, pandisha ukomo.

Shata ishuke hadi wapi?

Hapa watu huchanganya mitikisiko miwili. Wa kwanza ni wa mkono wako. Kanuni ya zamani inasema shata isiwe polepole kuliko moja chini ya urefu wa lenzi, yaani 1/50 kwa lenzi ya milimita 50. Kidhibiti mtikisiko kinaweza kukushusha chini ya hapo sana. Wa pili ni wa mtu unayempiga, na huo hakuna kidhibiti kinachouzuia. Unaweza kupata kikombe na meza vikiwa vimetulia tuli, na uso umefutika.

Mtu anayesikiliza au kusoma, 1/60 inatosha. Anayezungumza, 1/125. Anayezungumza kwa mikono, au mtoto wa umri wowote, 1/250. Wanaocheza muziki, 1/500 ukiweza kuipata. Na piga tatu mfululizo badala ya moja, kwa sababu kidole kinachobonyeza ndicho kinachotikisa kamera, na ya pili au ya tatu huwa kali zaidi.

Nikipandisha ISO picha inajaa chenga. Nifanyeje?

Kwanza, punguza kuziogopa. Chenga zinatokana hasa na uchache wa mwanga ulioingia kwenye sensa, na ISO haijauongeza wala kuupunguza mwanga huo. Anayekataa kuvuka 1600, akapiga picha nyeusi kisha akaipandisha mwanga kwenye kompyuta, mara nyingi anapata chenga zilezile au mbaya zaidi, pamoja na rangi zilizochafuka kwenye vivuli. Afadhali 6400 iliyopimwa sawasawa.

Pili, acha kukagua picha kwa kuikuza hadi pikseli moja moja. Anayetazama picha yako hatafanya hivyo. Atatazama macho ya mtu. Programu za kuondoa chenga zinasaidia, ila zikitumiwa kwa nguvu ngozi inageuka plastiki, na hilo linaonekana hata kwenye kioo cha simu. Picha yenye chenga inasameheka. Iliyocheza bila kukusudiwa haina wa kuisamehe.

Kwa nini uso unaungua wakati chumba kizima ni giza?

Kipima mwanga hudhani kila kinachokiona kwa wastani kinapaswa kuwa kijivu. Kikikuta uso mdogo unaong'aa ndani ya giza kubwa, kinajitahidi kuliinua giza hilo, na uso unalipa gharama. Punguza kwa hatua moja au hata mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu, au huuongeza mara mbili) kwa kitufe cha kufidia mwanga, au tumia upimaji wa nukta moja ukiielekeza shavuni. Mtu aliyekaa mbele ya dirisha ana tatizo la kinyume: ongeza hatua moja au mbili, la sivyo utapata kivuli chenye masikio.

Giza liachwe liwe giza. Picha ya usiku iliyosawazishwa hadi ikaonekana ya mchana imepoteza sababu ya kupigwa.

RAW au JPEG?

RAW, yaani data ghafi ya sensa, hasa kwa ajili ya rangi, ambayo unaweza kuirekebisha baadaye (tazama swali la nyuso za rangi ya chungwa).

## Fokasi

Lenzi inahangaika mbele na nyuma, haikamati. Shida ni nini?

Fokasi ya kamera nyingi hutafuta mpaka kati ya cheusi na cheupe, na shavu laini gizani halina mpaka wowote. Ipe kitu cha kushika: fremu ya miwani, mstari wa nywele kwenye paji la uso, ukosi wa shati ulio umbali sawa na jicho. Kwenye kamera za zamani tumia nukta ya katikati, kwa kawaida ndiyo yenye usikivu mkubwa. Kamera mpya zenye kutambua jicho hufanya vizuri hadi giza fulani, kisha ghafla zinahamia kwenye taa iliyo nyuma, kwa hiyo endelea kuzichunga.

Zima ile taa ndogo ya msaada wa fokasi. Wengi huisahau, na inafanya kazi ileile ya flashi: inamwambia mtu ageuke.

Ikishindikana kabisa, weka fokasi kwa mkono mahali ambapo mtu anarudi kila mara. Mpiga ngoma hurudi mahali pake. Mtu anayekunywa chai hurudi kwenye kikombe.

Jicho moja ni kali, la pili lina ukungu. Lenzi mbovu?

Lenzi ni nzima. Kwa milimita 50 na f/1.8 kwenye sensa kubwa, mtu akiwa mita moja kutoka kwako, eneo lililo kali lina kina cha sentimita nne hivi. Kichwa kikigeuka kidogo, jicho la mbali limeshatoka nje. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu na kina kinafika karibu sentimita kumi, bila kupoteza mwanga wowote. Kurudi nyuma nusu mita ndilo suluhisho la kwanza, kufunga lenzi hadi f/2.8 ni la pili. Kama jicho moja tu litakuwa kali, liwe lile lililo karibu nawe.

## Mwanga wenyewe

Nitajuaje mwanga mzuri ndani ya chumba kibaya?

Acha kutafuta mahali penye mwanga mwingi, tafuta mwanga unatoka upande gani na unaangukia wapi. Chumba kinaweza kuwa giza kwa jumla na bado kikawa na kona moja ambapo mtu akiingia anaonekana vizuri kuliko mchana. Kazi yako ni kuipata kona hiyo kabla yake na kusubiri.

Umbali kutoka kwenye taa una nguvu kuliko namba zote za kamera. Kwa taa ndogo isiyo na kioo cha kuakisi, ukipunguza umbali kwa nusu mwanga unakuwa mara nne, na hiyo ni sawa na kushuka kutoka ISO 6400 hadi 1600. Huwezi kumwambia mtu asogee, maana hapo pozi limeanza. Lakini watu husogea wenyewe. Mtazame mtu anayetunga uzi kwenye sindano karibu na taa ya mezani. Anainama, anaileta sindano kwenye mwanga, uso unaifuata, anafumba jicho moja, anabana pumzi. Kwa sekunde mbili au tatu umepewa mwanga mara nne na mtu asiyetikisika, bila kumwomba chochote. Kuwasha kiberiti, kusoma maandishi madogo, kukaza skrubu, kuhesabu chenji: shughuli zote za namna hii humpeleka mtu kwenye mwanga na kumtuliza kwa pamoja. Ukizijua, hata 1/30 inawezekana.

Taa ya darini ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu matundu ya macho yanakuwa meusi. Subiri kichwa kiinuke, mtu akicheka au akimtazama aliyesimama. Au tazama kilicho mbele yake: gazeti lililofunguliwa, kitambaa cheupe cha mezani, hata sahani nyeupe, hurudisha mwanga usoni kutoka chini na kufungua macho. Mwanga wa skrini ya simu nao ni mwanga, ingawa picha za watu wanaotazama simu zimeshakuwa nyingi mno.

Usisahau nyuma yake. Hatua moja kushoto inaweza kuitoa taa nyingine nyuma ya sikio lake na kuweka giza safi mahali pake.

Ngozi nyeusi sana inapotea gizani. Niongeze mwanga tu?

Kuongeza tu mara nyingi kunaipaka ngozi kijivu na kuunguza kila kilicho cheupe. Ngozi nyeusi huchorwa zaidi na mng'ao, yaani taa yenyewe inavyoakisiwa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na pua. Kwa hiyo ukubwa wa chanzo ni muhimu kuliko nguvu yake. Balbu tupu inatoa nukta ndogo kali. Dirisha, ukuta mweupe uliopigwa na taa, au kivuli kikubwa cha taa kinatoa mng'ao mpana unaoonyesha umbo la uso. Kaa mahali ambapo mwanga unatoka upande au nyuma kidogo ya mtu kuelekea kwako, na utaona mng'ao ukijitokeza.

Kisha pima kwa ngozi yenyewe na umkumbuke mdanganyifu wetu wa kijivu, yaani kipima mwanga: shati jeupe linaweza kumfanya apunguze mwanga mpaka uso uzame. Ukilazimika kuchagua, acha shati liungue kidogo.

Nyuso zote ni za rangi ya chungwa. Nirekebishe?

Kidogo. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, namba ndogo ikiwa chungwa na kubwa ikielekea buluu: mwanga wa mshumaa uko karibu Kelvini 1900, balbu ya kizamani karibu 2700 hadi 2900, mchana wa jua karibu 5500. Kamera ikiachwa kwenye mipangilio ya mchana itaona balbu hiyo kama chungwa kali. Ukiisahihisha mpaka nyeupe iwe nyeupe kamili, joto la jioni linaondoka na ngozi inaonekana ya mgonjwa. Simamia katikati.

Tatizo gumu ni taa mbili za rangi tofauti usoni: balbu upande mmoja, dirisha la jioni au taa ya kijani upande wa pili. Hakuna namba moja ya Kelvini inayotosheleza zote. Sogea ili taa moja itawale uso. Ukishindwa, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Wapo wanaoona huko ni kukimbia tatizo. Ni kweli, na picha inabaki nzuri.

## Watu

Nifanyeje wasianze kupozi?

Kujificha hakusaidii. Kukaa kunasaidia. Fika mapema, kamera ionekane mkononi, piga chache za ovyo mwanzoni watu wakizoee kitendo hicho na wachoke kukitazama. Keti kama wao wameketi, maana aliyesimama peke yake na kamera ni afande wa zamu.

Zima milio yote, na zima picha kujitokeza kwenye kioo cha nyuma kila unapobonyeza. Gizani kioo hicho kinauangaza uso wako, na wewe ndiye unayegeuka kivutio. Isitoshe, ukiinama kuangalia uliyopiga, unaikosa inayofuata.

Kicheko kikianza usikimbilie. Kwenye kilele midomo imepanuka na kichwa kinatikisika. Subiri kinapoisha, mtu anaposhusha mabega na macho bado yana kicheko. Hapo shata ya 1/125 inatosha na uso ni wake mwenyewe.

Lazima niombe ruhusa?

Sheria hutofautiana nchi na nchi, na mara nyingi kupiga na kuchapisha huhesabiwa mambo mawili tofauti, kwa hiyo ijue sheria ya mahali ulipo. Nje ya sheria kuna adabu. Nyumbani kwa mtu au kwenye shughuli ya faragha, omba mapema kwa mwenyeji, kisha usiombe tena kwa kila picha. Kwa mtu usiyemjua, mwonyeshe baada ya kupiga, na akisema ifute, ifute akiona. Watoto wana wazazi, waulize hao. Mtu anayelia, aliyelewa au mgonjwa hayuko katika hali ya kukubali chochote, na giza lisiwe kisingizio chako.

## Simu

Simu yangu ina hali ya usiku, lakini watu wanatoka kama mizuka. Kwa nini?

Hali ya usiku huchukua fremu nyingi kwa muda wa sekunde moja hadi kadhaa, kisha inaziunganisha. Ukuta unatulia kwa muda huo, mtu hatulii. Izime, au ushushe muda wake hadi chini kabisa, na usogee karibu na taa. Tumia kamera kuu ya simu badala ya ile ya kukuza: kwa kawaida ndiyo yenye sensa kubwa na tundu pana zaidi, na simu nyingi gizani hukata tu picha ya kamera kuu hata ukidhani umekuza. Gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha mwanga chini kidogo, kwa sababu ileile iliyoelezwa kwenye swali la uso kuungua.

## Hali ngumu

Picha zina mistari ya giza na mwanga. Sensa imekufa?

Ni taa zinazopepesa. Umeme wa hezi 50 huzifanya baadhi ya taa za LED na mirija zimweke mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Jicho halioni, shata ya haraka inaona. Tumia 1/50 au 1/100 kwa umeme wa kwanza, 1/60 au 1/125 kwa wa pili. Shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, ndiyo inayoathirika zaidi kwa sababu kwenye kamera nyingi husoma sensa mstari kwa mstari. Rudi kwenye shata ya kawaida na uvumilie mlio wake.

Mshumaa peke yake: inawezekana?

Inawezekana ikiwa uso uko karibu na moto. Weka mshumaa nje ya fremu au nyuma ya kitu, la sivyo mwali wenyewe utakivuruga kipimo. Mishumaa mitatu iliyokusanywa pamoja inatoa mwanga mara tatu na bado inaonekana kama mmoja.

Watu watatu kwenye fremu moja, wote wawe wakali kwa f/2?

Wakiwa kwenye mstari sambamba na sensa, ndiyo. Wakipishana, chagua mmoja, naye awe yule anayesikiliza. Msemaji anatikisika, msikilizaji ametulia na mara nyingi uso wake ndio una habari.

Zote zimecheza. Zinaokoleka?

Programu za kunoa hufufua ukungu mdogo wa fokasi. Uso uliofutika kwa mwendo haurudi, na zile zinazodai kuurudisha hubuni macho ambayo si ya mtu huyo. Angalia kama kuna moja ambayo mkono umefutika na uso umesimama. Hiyo si ya kutupa.

Natumia filamu. Kuna tofauti gani?

Chukua ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400, iweke kamera kwenye 1600, na umwambie anayesafisha kwamba umeisukuma hatua mbili, kabla hajaanza. Kusukuma huongeza ukali kati ya nyeusi na nyeupe lakini hakurudishi kitu kwenye vivuli ambavyo mwanga haukuvifikia, kwa hiyo pima kwa upande wa uso ulio na giza zaidi kati ya sehemu unazotaka zionekane. Mkanda mzima uwe kwenye namba hiyohiyo, kwa sababu utasafishwa wote mara moja.